Mrututu wa Ng'ombe

Jumatatu, 12 Mei

Ng'ombe wametoka mapema. Nimemwambia mchungaji asisogelee mpaka wa hifadhi. Kaitikia. Najua hatasikia. Ndama mmoja ana kupe mpaka ndani ya sikio, nimewang'oa mwenyewe. Macho bado yananisaidia.

Uji nimeukuta mlangoni, umefunikwa. Mama Masanja kauweka akarudi jikoni kwake. Ndivyo tunavyoishi. Yeye ni mke wa mwanangu.

Damu tena. Chooni, asubuhi. Zaidi ya juzi.

Sijasema. Nitamwambia nani? Mke wangu yuko chini ya udongo mwaka wa pili huu. Maduhu, mwanangu, anajua nusu. Mwezi uliopita alinivuta mpaka Mpanda, hospitali, madaktari bingwa walipokuja kwa wiki moja. Mimi nilisema ni bawasiri. Ukiwasikiliza wazee wa hapa Usevya, kila mmoja ana bawasiri. Wakaniingiza kamera nyuma. Wakakuta uvimbe kwenye utumbo wa mwisho. Wakachukua kinyama kwenda kupima. Majibu bado.

Mama Masanja ameambiwa baba mkwe anaumwa mgongo. Si uongo sana. Ni mgongo, umeshuka kidogo tu.

Ijumaa, 16 Mei

Mpanda na Maduhu. Majibu yametoka. Kansa.

Nimeliandika neno lenyewe nione linakaaje. Linakaa vibaya.

Daktari wa zamu kijana mpole, anasoma polepole alichoandika bingwa. Bado changa. Iko kwenye ngozi ya ndani ya utumbo, haijashuka kwenye nyama. Ikibaki hivyo wanaitoa bila kupasua tumbo. Wanapita njia ileile ya haja. Unalazwa usingizi, wanaweka kitu kama mdomo wa bomba, wanajaza hewa ili utumbo utanuke, kamera inaingia pamoja na vyuma virefu vyembamba. Wanakata uvimbe na ukingo wake, wanashona, wanatoka. Nje hakuna kovu. Siku chache uko kwako.

Maduhu alikuwa amekunja uso. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nyuma ya ng'ombe wa Mpimbwe nzima, natafuta mimba. Njia hiyo naijua. Sikujua tu kwamba ipo siku nitakuwa mimi ng'ombe.

Nikauliza, na ikishuka kwenye nyama? Hapo kijana akaacha kunitazama. Ikishuka, tumbo linafunguliwa. Utumbo wa mwisho unatolewa wote. Nyuma panashonwa pakafungwa. Choo kinatokea tumboni, kwenye mfuko, mpaka siku ya kufa.

Bingwa anarudi mwezi wa sita. Nimepangwa.

Tukitoka tulipita wodini. Kulikuwa na mwanamume wa rika langu ana mfuko huo. Kaufunika na shati. Aliponiona namtazama akalivuta shati chini zaidi. Nimerudi Usevya na sura yake.

Jumapili, 25 Mei

Maduhu kaenda Karema. Dagaa na migebuka, biashara yake ya kila mwaka. Kule ziwani mtandao ni bahati nasibu. Amesema atajitahidi kupiga simu.

Kabla ya kuondoka kamwambia mkewe kila kitu. Kila kitu! Nimesikia mwenyewe kupitia ukuta. Uvimbe, mahali ulipo, kamera ilipoingilia. Na kwamba yeye ndiye atakayenipeleka hospitali. Nilimwita nikamfokea. Kanijibu, "Baba, mficha maradhi kilio humuumbua." Methali niliyomfundisha mimi, mshenzi yule.

Sisi Wasukuma hatuna shida na maneno. Mjukuu, shemeji, mtani wa kabila lingine, tunatukanana mpaka machozi ya kicheko. Lakini mkwe hataniwi. Mama Masanja anapiga goti kunisalimia. Jina langu hajawahi kulitamka, nami lake silitamki. Kuanzia kiunoni kushuka chini, kati yangu na yeye hakuna neno lolote. Mwaka jana alipovimba goti nilimtumia dawa kupitia mjukuu, nikasema ni ya "kule".

Jioni kaja kuniamkia. Macho chini. Anajua. Najua kwamba anajua. Tukaongea habari za mpunga, jinsi ndege walivyoumaliza upande wa bondeni. Tuliongea mpunga mpaka mpunga wenyewe ukaisha.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 30 Mei

Damu nyingi. Nimekaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi.

Bingwa haji mpaka katikati ya mwezi ujao. Na kitu hiki kinakula huku mimi nasubiri kalenda. Kijana alisema ikishuka kwenye nyama. Nani anajua kama haishuki leo, saa hii, nikiwa naandika?

Nimefungua sanduku langu la kazi. Lile la bati. Bado nina sindano kubwa, mipira ya kupitishia dawa, kamba za kufungia. Na mrututu, kwenye kopo la maziwa. Vipande vya bluu, vizuri kama vito vya mchumba. Kwato zilizooza nimezitibu na mrututu. Chunjua za ng'ombe nimezichoma na mrututu, zinanyauka, zinadondoka, chini panabaki ngozi safi. Sikumbuki ng'ombe aliyenishinda.

Uvimbe ni uvimbe.

Jumapili, 1 Juni

Nimefanya. Mama Masanja alikuwa kanisani na watoto.

Sitaandika nilivyofanya.

Moto. Nimeng'ata kiko cha marehemu baba mpaka kimepasuka.

Jumatatu, 2 Juni

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati.

Nimemwambia Mama Masanja ni malaria. Kaniletea dawa na maji, kasimama nje ya mlango akisubiri asikie nimemeza. Nimejifanya kumeza. Vidonge nimevitupa shimoni.

Alhamisi, 5 Juni

Damu imekata! Siku ya pili sasa, hakuna hata tone. Maumivu yapo lakini damu hakuna.

Kumbe bwana mifugo hajasahau kazi. Hao mabingwa waje na kamera zao, watakuta mahali pameshafagiliwa. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Leo nimekula ugali wote na mlenda, nikaomba wa kuongeza. Mama Masanja kafurahi, nimesikia akiimba jikoni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudia. Kwa uhakika tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekosea. Nadhani nimekosea.

Kinachotoka si choo. Kamasi, usaha, vipande kama ngozi ya maziwa. Nakwenda chooni nikitoka narudi. Homa kweli sasa, na safari hii nimemeza vidonge, ingawa najua si malaria. Suruali zinanidondoka.

Ng'ombe ukimchoma sana chunjua, pembeni panavimba, panakuwa pagumu kama ubao. Nilijua hilo. Nimelijua miaka yote.

Mama Masanja ameuliza kupitia mlango, "Baba, kuna kitu unahitaji?" Nikasema hapana. Akakaa pale nje muda mrefu. Nikakiona kivuli chake chini ya mlango. Halafu kaondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Mpanda. Basi la asubuhi. Barabara ya hifadhini vumbi tupu, mbung'o wakaingia madirishani, abiria wote wanajipiga mapaja kama wachezaji ngoma. Mimi nimesafiri kwa ubavu mmoja. Darajani watu wakasimama kutazama viboko. Sikutazama.

Mama Masanja alikaa viti vya nyuma, na begi langu mapajani. Konda alidhani hatujuani.

Nimelazwa. Kitanda cha dirishani. Sheria ya wodi, mgonjwa mmoja muuguzaji mmoja. Muuguzaji ni yeye. Atalala sakafuni kwenye mkeka, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Nimegeukia ukuta tangu jioni.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Bingwa ni mwanamke. Mfupi, ana miwani, mikono midogo. Mwezi wa nne niliona ni bahati, mikono midogo. Amesema ndugu aingie, asikie mwenyewe, mgonjwa husahau. Nikasema haina haja. Akasema ina haja. Mama Masanja akaingia, akasimama pembeni ya kichwa changu, anatazama dari.

Kamera ikaingia. Nikasikia daktari amenyamaza. Kimya kile nakijua, nimewahi kukaa nacho nyuma ya ng'ombe wa watu huku mwenye ng'ombe anasubiri niseme. Akamwita mwenzake. Wakanong'ona Kiingereza. Halafu akageuza ile televisheni akamwambia Mama Masanja, "Mama, hebu tazama hapa." Akatazama.

Mkwe wangu ameuona utumbo wangu kwenye televisheni. Nilitamani kitanda kinimeze.

Daktari kasema mwezi wa nne uvimbe ulikuwa mdogo, laini, ukiusukuma unasogea. Sasa pembeni kote kuna vidonda, pamekauka, pagumu, uvimbe wenyewe hauonekani unaishia wapi. Kasema hajaona ugonjwa unakimbia namna hii. Njia ndogo haiwezekani tena. Operesheni ni Ijumaa, ya tumbo. Nikishalazwa usingizi ataangalia tena, lakini nijiandae kwa kubwa. Kwa mfuko.

Halafu akauliza. "Mzee, katikati hapa ulitumia dawa yoyote ya kienyeji?"

Mama Masanja pale. Miwani ile inanitazama.

Nikasema hapana.

Sikudanganya. Mrututu si dawa ya kienyeji. Unauzwa dukani.

Jumatano, 18 Juni

Nesi kaja na kalamu nyeusi ya wino mzito. Kanikalisha, kanisimamisha, kaniinamisha, anatafuta mahali mkanda wa suruali hautagusa. Kisha kanichora duara tumboni, upande wa kushoto. Ndipo utumbo utakapotokea. Nikamwuliza kama linatoka. Kasema oga kidogo tu mpaka Ijumaa, lisifutike.

Ng'ombe ninawapiga chapa hivyohivyo.

Maduhu hapatikani. Nimepiga, Mama Masanja amepiga, nesi kapiga. Simu inasema haipatikani, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza.

Mchana wakamwita Mama Masanja kumfundisha. Waliona yeye ndiye atakayekaa nami. Hawakuvuta hata pazia. Nesi kamwekea mfuko juu ya mkono wake mwenyewe, anaubandika, anaubandua, anafuta, anakata tundu na mkasi, anabandika tena. Mara ya kwanza ulijikunja. Mara ya pili ukashika. Nesi akamsifu. Mama Masanja akaja kusimama karibu na kitanda, kwenye mkono bado kuna alama nyekundu ya gundi.

"Baba," kasema, macho sakafuni, "mimi nitaweza."

Nimejifanya nimelala.

Nilitaka kufa. Si maneno ya kuandika tu. Nilitaka kweli.

Maana ukweli naujua mimi peke yangu. Kile walichokiona kwenye televisheni, yale madonda, ule ugumu, inawezekana si kansa kabisa. Inawezekana ni mimi. Kesho kutwa watanikata kila kitu, wananishona, wananitundikia mfuko, kwa sababu ya kopo la mrututu. Na wakishakata hawarudishi.

Nikisema, itabidi niseme mbele yake. Yuko hapa muda wote, haondoki, hata maji anachota mbio. Niseme nini? Kwamba baba mkwe wake alichuchumaa chumbani na mpira wa ng'ombe? Na habari haitaishia kwake. Bwana mifugo kajitibu kwa mrututu! Wafipa watacheka mpaka Sumbawanga. Hadi nikizikwa watani watalisema juu ya kaburi.

Na nisiposema?

Alhamisi, 19 Juni

Nilipanga kumwambia daktari peke yake. Nikamtuma Mama Masanja kununua maji ya chupa. Kaenda, karudi, daktari bado hajapita. Nikamtuma machungwa. Kaenda, karudi. Nikamtuma kiberiti. Hapo akasimama. Hospitalini kiberiti cha nini?

Ndipo nikamwambia. Sijui neno lilitokea wapi. Nilikuwa natazama duara lile la wino, shati limepanda, na nikasikia sauti yangu.

"Mama Masanja, kaa. Nilijichoma mwenyewe. Kwa mrututu. Huko."

Kakaa. Kisha akauliza, "Mrututu wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe."

Kaziba mdomo kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema basi, nimemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka! Anacheka, anajizuia, anazidi kucheka, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Mimi nikakasirika. Halafu sijui ilikuwaje, nami nikacheka, na kila nikicheka panauma nalia, nalia nacheka. Alipotoa khanga usoni na yeye alikuwa analia kweli, si kicheko tena.

"Baba, mbona hukusema juzi?"

Kainuka akatoka, ndala moja kaiacha chini ya kitanda. Nimemsikia kule koridoni anamwita daktari kwa sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia.

Bingwa kaja anahema. Kaniangalia mpaka nikajiona mdogo. "Mzee, nilikuuliza."

"Uliniuliza dawa ya kienyeji."

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Nadhani alitaka kunipiga. Mama Masanja akasema kwa niaba yangu, mimi namnong'oneza lini na mara ngapi, yeye akaongeza nilivyoanza homa, vidonge shimoni. Vidonge shimoni! Kumbe alijua.

Operesheni ya kesho imefutwa. Daktari kasema asifurahi mtu. Inaweza kuwa ni kuungua tu. Inaweza kuwa ni kuungua juu ya ugonjwa uliokwisha kushuka. Kwa macho hawezi kutofautisha, hakuna anayeweza. Kachukua vinyama vingine, sehemu nyingi. Vidonda lazima vipone kwanza, na wakati vinapona uvimbe nao haulali. Atarudi mwezi wa nane. Kasema tumepoteza muda ambao hatukuwa nao.

Nesi aliyenichora alipita akasema, "Mganga hajigangi, babu." Nimemwacha aseme. Ana haki.

Jumatatu, 23 Juni

Usevya. Duara limekataa kutoka. Nimelisugua na sabuni ya mche, limebaki kijivu.

Jumapili, 29 Juni

Ibada sikuenda. Nalala, naamka, nasikiliza tumbo langu kama mlinzi.

Mama Masanja ameanza jambo jipya. Asubuhi akishapiga goti na kuniamkia, anauliza, "Na kule?" Neno langu mwenyewe! Namjibu salama. Kila siku salama. Siwezi kumwambia zaidi. Hospitali ilikuwa hospitali, hapa ni nyumbani, nguzo za nyumba hii zinatujua.

Jumatano, 9 Julai

Damu imerudi. Kidogo.

"Na kule?" Salama.

Ijumaa, 11 Julai

Damu. "Na kule?" Salama.

Ng'ombe mmoja katoa mimba. Yule mwekundu. Nimemkagua mwenyewe, mkono ukiwa ndani nikapata kizunguzungu nikauchomoa. Mchungaji kanishika. Nikasema ni jua.

Jumanne, 15 Julai

Simu kutoka hospitali. Vinyama vya madonda ni vidonda tu. Hakuna kansa ndani yake. Kansa iko palepale ilipokuwa, kwenye uvimbe. Ila kina chake hawakijui mpaka waitoe.

Nilikaa juu ya jiwe la zizini. Mama Masanja alikuwa anapeta mpunga, simu iko kwenye spika, kasikia. Kaendelea kupeta.

Kwa hiyo ningekatwa bure. Tangu Ijumaa ile ningekuwa nimefungwa nyuma na mfuko mbele, bure, na hakuna ambaye angejua. Mimi ningejua.

Sasa na hii damu je? Ni vidonda vinapona au ni yenyewe inachimba?

Jumamosi, 26 Julai

Maduhu karudi na magunia ya dagaa. Mkewe kamsimulia. Sijui kasimulia kwa maneno gani, lakini Maduhu kaja kwangu akalichukua lile kopo la mrututu akaenda kulifukia. Hakunifokea. Ningependa anifokee.

Jumanne, 12 Agosti

Mpanda. Kesho. Nimekunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, nimebaki ganda tupu. Maduhu alitaka awe yeye muuguzaji. Nikasema aje, lakini Mama Masanja naye aje. Maduhu kanitazama sana.

Nesi hajanichora. Bingwa kasema ataanza na njia ndogo. Akiingia akakuta pameshikamana na nyama, anasimama, anatoka, ananiamsha tuzungumze. Hatanifanya chochote kikubwa bila mimi kujua. Nimemwuliza, utajuaje kama pameshikamana? Kasema atadunga maji chini ya uvimbe, kama ni wa juu utanyanyuka. Nimemwelewa.

Naogopa. Niliwahi kuona ng'ombe wanaopelekwa machinjioni wakisimama mlangoni, unawapiga hawasogei. Nilidhani ni ukaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana nilipozinduka, mkono ulikwenda wenyewe tumboni. Kushoto. Ngozi. Ngozi tupu, hakuna bandeji, hakuna mfuko. Nikapapasa kulia, labda wamebadilisha upande. Ngozi.

Uvimbe ulinyanyuka. Wameutoa mzima, wameshona. Mgonjwa wa jirani haamini kwamba nimefanyiwa operesheni. Kataka nimwonyeshe kovu. Nikamwambia akitaka aingie akatafute.

Mama Masanja kaziba mdomo na khanga tena.

Ijumaa, 5 Septemba

Majibu ya mwisho. Kingo zote safi. Lakini.

Mwezi wa nne ilikuwa kwenye ngozi ya juu. Ilipotolewa ilikuwa imesogea, imekaribia nyama. Haijaigusa. Imekaribia. Bingwa kaandika kwamba nafasi ya kurudi ipo, kubwa kuliko ambavyo ingekuwa. Nitatazamwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu, na nikiona damu nisisubiri tarehe. Ikirudi, ni ile operesheni nyingine.

Nikamwuliza yule daktari kijana wa zamu, ilisogea kwa sababu ya mrututu au kwa sababu ya kuchelewa? Kasema hajui, hakuna anayeweza kujua. Kuchelewa kwenyewe nako kulitokana na mrututu wangu, kwa hiyo najua.

Sikula jioni. Maduhu anarudi ziwani wiki ijayo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mawingu upande wa ziwani, mvua haijashuka. Joto. Ng'ombe wamekonda, wanalamba ukuta wa zizi.

Asubuhi nimeona damu. Tone moja, juu ya karatasi. Nimelitazama sana. Nimefunika shimo, nimenawa.

Mama Masanja alikuwa barazani anachambua mchele. Sikusubiri aniamkie. Nimemwambia, Mama Masanja, nimeona damu.

Kauliza, nyekundu au nyeusi? Nikasema nyekundu. Nyingi? Tone. Inauma? Haiumi.

Kasema basi la Mpanda kesho lipo. Nikasema lipo. Kamalizia ule mchele uliokuwa kwenye ungo, kisha kaingia ndani kutafuta begi.